Hina kwa Mkono wa Kushoto

Mimi ni mchora hina. Nalisema hilo kabla sijasema kansa, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kujitanguliza. Ukishaupata, watu wanauona huo kwanza, wewe baadaye. Basi najitanguliza mwenyewe: naitwa Zaituni, wa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka mingi bibi harusi wa mji huu ambaye hakuchorwa na mimi alikuwa na sababu yake. Ama nilikuwa nimeshachukuliwa siku hiyo, ama mama yake na mimi tuligombana. Najisifu? Najisifu. Nilikopita mimi, mtu akitoka salama anaruhusiwa kujisifu kidogo.

Naandika kwa ajili yako uliyeambiwa jana au juzi, uliyekaa na majibu kwenye mkoba na hujamwambia mtu. Kansa ni nini sitakueleza, wapo waliosomea. Nitakueleza ilivyokuwa kukaa kwenye mabenchi, na mwili kubadilika ukiutazama, na watu wa nyumbani kuhangaika wasijue waseme nini.

Kivimbe nilikigundua nikioga, titi la kulia, upande wa kwapani. Kilikuwa kigumu kama kokwa ya zambarau, wala hakiumi. Kutokuuma ndiko kulikonitia wasiwasi, maana mwili wangu mimi huwa haunyamazi. Nikaenda hospitali. Nikachomwa sindano, nikakatwa kipande, nikaambiwa nisubiri majibu. Ilikuwa kipindi cha joto kali, kaskazi imeshika, na kwenye lile benchi tulikuwa tunajipepea kwa chochote tulichonacho. Mwenzangu wa pembeni alijipepea kwa bahasha ya picha yake ya eksirei mpaka ikalegea.

Majibu yalipotoka, daktari alikuwa kijana mpole. Akasema wataondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani.

"Na mkono?" nikamuuliza.

Akadhani sijaelewa. "Mama, tunazungumzia titi."

"Titi nimelisikia, daktari. Nauliza mkono."

Ndipo akaeleza kwamba tezi za kwapani zikiondolewa mkono wa upande ule unaweza kuwa mzito, unaweza kuvimba, na kwamba maisha yangu yote nisiubebeshe mizigo, nisiuunguze, nisikubali uchomwe sindano. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, aliutazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya meza yake, akautazama muda mrefu kuliko alivyokuwa ametazama karatasi.

"Tutajitahidi," akasema.

Kwa hiyo jua kwamba tangu siku ile mimi na madaktari tulikuwa tunapigania vitu viwili tofauti. Wao walipigania maisha yangu. Mimi maisha nilimwachia Mungu na wao, nikapigania mkono. Usiniambie ni upuuzi. Mkono ule umesomesha watoto, umejenga vyumba viwili vya uani, na ndio uliofanya nikipita barabarani wanawake waseme, yule pale.

Mume wangu Bakari ni fundi baiskeli, Mbondei wa kule Muheza, mtu wa maneno machache. Nilipolazwa kwa upasuaji, aliwaambia majirani kwamba nimekwenda Dar es Salaam, Temeke, kumuuguza binamu yangu. Hakuwa na nia mbaya. Neno lenyewe lilikuwa linamshinda kinywani. Hata tukiwa wawili ndani alisema "huo ugonjwa", kana kwamba akiutaja kwa jina utaitika. Basi nilipotoka hospitali, nimekonda, natembea nimejikunja upande, majirani wakaja kunipa pole ya kuuguza. "Binamu anaendeleaje?" Nikajibu anaendelea vizuri. Binamu mwenyewe wakati huo alikuwa Temeke, anabeba ndoo ya maji kichwani na nyingine mkononi, hajaumwa hata mafua.

Nilikasirika na Bakari, sifichi. Kulala na kidonda kifuani ni kazi, na kulala na kidonda usichoruhusiwa kuwa nacho ni kazi zaidi. Swaumu, binti yetu, ndiye aliyekuwa akinifungua bandeji, mlango tumeufunga kwa komeo. Siku ya kwanza aliponiona kifua, akasema, "Mama, wamekushona vizuri." Nikajitazama kwenye kioo. Ni kweli, mshono ulikuwa mzuri. Mimi najua mstari mzuri nikiuona, na yule daktari alikuwa na mkono.

Lakini huyo huyo Bakari ndiye aliyenipandisha mkono. Hospitali walinifundisha mazoezi, niuinue mkono kidogo kidogo, na mimi nilishindwa hata kufikia swichi ya taa. Siku moja nikamkuta amepanda stuli, anafunga kwenye boriti ya mlango gurudumu dogo la baiskeli lililotolewa spoku, kapitisha kamba, kila ncha ina kishikio cha mpira wa usukani. Ukivuta kwa mkono mzima, mkono mgonjwa unapanda. Hakunieleza kitu. Alishuka, akajaribu mwenyewe, akatia grisi, akaenda zake. Nilikuwa navuta ile kamba asubuhi na jioni huku nikilia kwa maumivu na huku nikimsamehe kwa vipande. Majirani walipouliza kile ni nini, tukasema cha watoto kuchezea.

Kemo nilipewa Dar es Salaam, masika yote. Dripu iliingia mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umekatazwa sindano, na mishipa yake ikaungua ikawa myeusi. Sikuusikitikia. Niliona ni haki yake, naye afanye kazi, miaka yote alikuwa anashikilia bakuli tu. Safari ya kurudi ndiyo iliyokuwa ngumu. Basi likisimama Muheza, machungwa yanapandishwa madirishani, abiria wanamenya, na harufu ambayo nimeipenda tangu utoto ilikuwa inanigeuza tumbo mpaka najifunika mtandio uso mzima. Kama na wewe imekukuta, vumilia. Inarudi. Mimi sasa nayala machungwa mpaka Swaumu ananifichia.

Nywele zilinyonyoka, sikujali sana, sisi wa kujifunika tuna nafuu hiyo. Nyusi ndizo zilizoniumbua. Uso usio na nyusi unatangaza wenyewe. Basi nikachukua wanja, nikajichora. Mkono wa kulia ulikuwa umeshafika usoni, kwa msaada wa gurudumu la Bakari, na nyusi zile, Mungu anisamehe, zilikuwa nzuri kuliko nilizozaliwa nazo. Kwenye chumba cha dripu mama mmoja wa Kigoma akaniuliza za kwangu zimebakije. Nikamwambia sogea. Baada yake wa Lindi, baada yake mwingine. Muuguzi alipoingia akatukuta wote tumetoa macho, tumependeza kama tunakwenda kwenye walima, akasema, "Sasa hapa ni wodi au saluni?" Siku hiyo hakuna aliyetapika kabla ya kuondoka. Sisemi ni kwa sababu ya nyusi. Nasema tu hakuna aliyetapika.

Baada ya kemo ikaja mionzi, na hapa ndipo anapoingia shangazi yangu Mwanahawa.

Mionzi inataka uende kila siku isipokuwa mwisho wa wiki, kwa hiyo nilihamia Temeke kwa yule binamu niliyekuwa namuuguza bila yeye kujua. Kabla hujaanza, wanakupima kwenye mashine na kukuchora mistari kifuani kwa wino, ili kila siku mwale uangukie pale pale. Aliyenichora alikuwa msichana wa Lushoto, Neema. Alikuwa na mkono mzito, mistari minene, na mimi nimelala pale kifua wazi ninaumia roho kwa ule mstari kuliko kwa baridi ya chumba. Akanionya: nisiisugue, nisipake mafuta, nijimwagie maji taratibu tu.

Shangazi akaja kutoka Tanga kukaa nami. Shangazi Mwanahawa ni somo. Kazi yake ni kuwafunda mabibi harusi na kuwaandaa mwili, na hakuna mwanamke wa mjini aliyepita mikononi mwake akabaki na nongo mwilini hata ya kusingizia. Alifika Ijumaa, na begi lake likiwa na singo ya kusugulia mwili aliyoisaga mwenyewe, liwa, karafuu, maua makavu ya asumini. Mimi nilikuwa nimechoka uchovu wa mionzi, ule wa mtu kuzima amekaa. Akanikalisha kwenye kigoda uani, akanivua, na nikasinzia mikononi mwake kama mtoto mchanga. Nilipozinduka nanukia vizuri kuliko nilivyonukia kwa miezi.

"Walikuwa wamekuacha na uchafu gani huo kifuani," akasema. "Mistari mistari. Nimeusugua mpaka umetoka."

Nikajitazama. Kifua kilikuwa safi, kinang'aa.

Jumatatu Neema akafunua shuka, akasimama. "Mama, alama ziko wapi?"

"Zimeogeshwa," nikamwambia.

"Na nani?"

"Na mtaalamu."

Hakucheka. Ilibidi turudi kwenye mashine ya kupimia, na mashine ina foleni yake, siku zikapotea ambazo hazikutakiwa kupotea. Shangazi alikuwa amekaa kwenye korido, begi lake mapajani. Alipoelewa alichofanya, uso ulimshuka. Usiku huo hakula. Asubuhi alikuwa amefunga nguo zake.

"Narudi Tanga, mwanangu. Nimekuja kukuponya, nimekuharibia dawa."

"Shangazi, ukiondoka nani atanishika mkono kwenye ngazi?"

Akakaa. Lakini alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, kama mgeni, hanigusi.

Neema aliponichora upya, nilishindwa kujizuia, nikamwambia alaze kalamu, ashushe kiwiko, avute asisukume. Alinuna kidogo, kisha akajaribu. Mstari ukatoka mwembamba na umenyooka. Akautazama, akanitazama. "Mama, wewe kazi yako ni nini?" Tangu siku hiyo akawa ananiita mwalimu, na kila alipotaka kuanza ananisalimu, "Shikamoo, mwalimu," nami naitikia marahaba nikiwa nimelala uchi mpaka kiunoni. Heshima bwana, unaipata hata mahali pa ajabu.

Katikati ya mionzi mkono wa kulia ukaanza kuvimba. Kwanza pete ilibana, kisha kifundo kikapotea, vidole vikawa vinene na vizito, vinagusa kitu bila kukisikia. Wakanipa soksi ya kubana ya kuvaa mkononi na kunifundisha kuukanda. Ukapungua, lakini vidole havikurudi. Nilijaribu koni ya hina pale Temeke. Hina ikatoka kwa kishindo, ikafanya dimbwi. Nikaitupa koni ukutani. Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia kwa titi, kuliko kwa nywele, kuliko kwa siku niliyoambiwa. Titi niliwapa kwa hiari, ndivyo nilivyokuwa nimekubaliana nao moyoni. Mkono hatukukubaliana.

Shangazi aliifuta ile hina ukutani. Halafu akakaa mbele yangu sakafuni, akakunja kanga, akaninyooshea miguu yake.

"Chora," akasema.

"Kwa mkono gani?"

"Huo uliobaki."

Nikamwangalia. Wewe msomaji wa pwani unaelewa, na wa bara nikueleze: sisi tumelelewa kwamba mkono wa kulia unakula, unasalimia, unatoa na kupokea. Wa kushoto una kazi zake chooni. Kumpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana, sembuse kumchora, na huyu ni somo, mwenye kuwafundisha wengine adabu.

"Mguu ni mguu," akasema Shangazi. "Mimi nilifuta, sasa wewe andika. Ila ujue wenye harusi watakusumbua."

Nikaanza. Maua yangu ya kwanza yalikuwa kama yamekanyagwa na gari. Shangazi Mwanahawa, mtu wa watu, aliyeheshimiwa Tanga nzima, alitembea Temeke na yale maua miguuni, akapanda nayo basi, akakaa nayo kwenye korido za hospitali mbele za watu. Yakififia narudia. Mpaka mionzi inamalizika, miguu yake ilikuwa imeanza kutazamwa. Mama mmoja kwenye benchi akamuuliza kachorwa wapi. Shangazi akanionyesha kwa kidevu, na shingo yake ikawa ndefu.

Nikarudi nyumbani, kusi inavuma, mwili unaanza kurudi. Nywele ziliota laini kama za mtoto. Mwaka mzima nilijifunza upya kwa mkono wa kushoto, kwenye karatasi, kwenye mapaja yangu, kwenye miguu ya Swaumu. Vipimo vikaja vizuri, na vilivyofuata vikaja vizuri pia. Mtu akiniuliza kwa nini sichori, Bakari anajibu, "Anapumzika." Mpaka ikaja harusi ya Usagara, hapa hapa mjini.

Bibi harusi alikuwa Zulfa, na mama yake nilimchora mimi siku alipoolewa. Mama huyo alipiga simu akasema lazima wewe, na mimi nikasema sawa. Nilifika alasiri, chumba kimejaa wanawake, mikeka imetandikwa, Zulfa amekaa katikati kanyoosha miguu. Nikakaa. Nikapiga bismillahi. Nikashika koni kwa mkono wa kushoto.

Wanawake wakaitazama koni, wakanitazama.

"Bi Zaituni," akasema Mama Zulfa, kwa sauti ya adabu kabisa. "Samahani, dada yangu. Mwanangu anakwenda kwa mumewe, achorwe kwa mkono wa..." Hakumalizia. "Huo wa kulia una nini?"

Ningeweza kusema nimeanguka. Nilikuwa na uongo mwingi wa kuchagua, nyumba yangu ilikuwa imejaa. Lakini nilikuwa nimeketi mahali pangu, kwenye kazi yangu, na nikaona siwezi kulipigania jambo hili nikiwa nimejificha. Nikakunja mkono wa baibui, nikavua ile soksi, wakauona ulivyo.

"Nilikuwa na kansa ya titi," nikasema. "La kulia limeondolewa. Mkono huu ulikwenda nalo. Mkono wa kushoto ndio uliopigwa dripu, ndio ulioniosha, ndio ulionilisha miezi ambayo huu ulikuwa hauinuki. Kama haufai kumchora bibi harusi, mimi nanyanyuka, na hatujagombana."

Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida. Kama wangeniacha niende, nisingekaa tena mbele ya bibi harusi Tanga hii. Nilijua hivyo na kila mwanamke chumbani alijua.

Zulfa akasogeza mguu wake mpaka ukagusa goti langu. "Mama, mimi nataka huu."

Mama yake akainama. Akaondoka kwenda ndani. Nikachora. Nikuambie kitu kimoja: nilichora vizuri. Nilianzia kisigino nikapanda, mashina membamba, majani, nafasi nikaziacha zipumue, na kwa mara ya kwanza mkono wa kushoto haukungoja kuambiwa. Wanawake walisogea mmoja mmoja. Maswali yakaanza, kwa sauti ndogo kwanza. Uliumwa? Ulijuaje? Nywele zilikatika? Nikajibu yote bila kuinua kichwa. Mtu kainama, anashughulika na mguu, ni rahisi kumuuliza.

Nilipomaliza, mtoto akaja kusema naitwa ndani nikanywe chai. Chumbani hakukuwa na chai. Mama Zulfa alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akaufunga. Nikadhani anataka kuniomba radhi, nikajiandaa kumkubalia haraka yasiwe marefu.

Akafungua vifungo vya dera. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, bado una madoa ya hina, akauweka kwenye titi lake.

"Hapa," akasema.

Nilikisikia kivimbe. Ule mkono mwingine usingekisikia, vidole vyake vimekufa ganzi, lakini huu wa kushoto ulikisikia mara moja.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani. Nikasema ngoja harusi ipite." Akaubana mkono wangu pale pale. "Ni hicho?"

"Sijui, mama. Mimi nachora hina tu. Wa kujua wapo hospitali, na kuna vivimbe vingi ambavyo si chochote. Harusi Jumamosi, siyo? Basi cheza harusi ya mwanao. Jumatatu nakuja kukuchukua."

"Nitawaambia nini watu?"

"Waambie unakwenda hospitali na Zaituni. Watajua wenyewe."

Jioni ile nilimwambia Bakari nimesema mbele ya watu wote. Alikuwa anaziba pancha. Akaendelea kusugua mpira kwa msasa, kisha akauliza, "Neno lenyewe umelitaja?"

"Nimelitaja."

"Kansa," akasema Bakari, kwa mara ya kwanza, polepole, kama anayejaribu baiskeli ya mtu. Kesho yake jirani alipomuuliza kama ni kweli, nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe akijibu, "Alikuwa na kansa mke wangu. Kaishinda, na sasa anachora kwa mkono wa kushoto."

Harusi ilikwenda vizuri. Miguu ya Zulfa ilipigwa picha mpaka nikachoka kusifiwa, na kwa mtu kama mimi hiyo ni safari ndefu.

Jumatatu nilifika Usagara jua halijapanda sana. Mama Zulfa alikuwa ameshatoka, amesimama nje ya mlango wake na mkoba kwapani. Hatukuzungumza mengi njiani. Yaliyotokea baada ya siku ile ni yake, atayasema mwenyewe akipenda. Mimi nitasema tu kwamba pale mlangoni mwa hospitali, alipoyaona yale mabenchi na watu waliokaa wakisubiri, alisimama asiingie. Nikamnyooshea mkono wa kushoto mbele za watu, na yeye akaupokea kwa wake wa kulia, tukaingia.